Kuvua Samaki Juu ya Barafu ya Ziwa Gull, Minnesota
Kila Januari, wakazi wa eneo la Brainerd, jimboni Minnesota nchini Marekani, huandaa shindano la kuvua samaki juu ya barafu ya Ziwa Gull, ambalo huchangisha fedha za hisani na kuvutia maelfu ya watu. Anayetaka kushiriki, au kuvua siku nyingine yoyote, akate leseni ya uvuvi, kisha aichunguze barafu yenyewe, kwani hapo ndipo penye uhai wake. Toboa tundu, ingiza rula yenye kikulabu, inase kwenye ukingo wa chini na usome unene: barafu mpya, ngumu na angavu, ya sentimita 10, humbeba mtu anayetembea kwa miguu, ilhali ile nyeupe iliyochanganyika na theluji ina nusu tu ya nguvu hiyo, hivyo huhitaji unene maradufu. Pima tena kila baada ya hatua kadhaa, hasa karibu na midomo ya mito. Vaa jaketi la kuokolea maisha, na uning'inize shingoni misumari miwili yenye vipini, ili ukitumbukia uichome barafuni, ujivute kifudifudi na kurudi ulikotokea. Ndoano huteremshwa hadi karibu na sakafu ya ziwa na kuchezeshwa taratibu. Samaki wa majira haya huuma kwa ulegevu, kwa hiyo usiondoe macho kwenye ncha ya ufito.