Kutoa pesa kwenye 401(k) kwenda benki: pale kwenye makato ya 20%

Mwongozo huu unamhusu aliyefanya kazi Marekani, ambaye 401(k) yake, yaani akaunti ya kustaafu ya kupitia mwajiri, ya kawaida (si ya Roth, ambayo michango yake imeshakatwa kodi) iko kwenye hisa na sasa anataka pesa isiyoyumba.

1. Uza hisa humohumo ndani. Kama tatizo ni soko tu, usitoe hata dola. Ingia kwenye akaunti, hamisha salio kwenda mfuko wa soko la fedha, yaani wa mikopo salama ya muda mfupi (wenye TSP, mpango wa kustaafu wa wafanyakazi wa serikali kuu, ni G Fund, mfuko wa dhamana za serikali). Hakuna kodi wala faini. Badilisha pia mgawanyo wa michango ijayo, la sivyo mshahara unaofuata utanunua hisa tena. Wengi wangeishia hapa, na ningewaambia wasiende mbali zaidi.

2. Angalia umri. Kabla ya miaka 59½, juu ya kodi ya mapato kuna faini ya 10%. California inaongeza 2.5% yake.

3. Jaza fomu ya kutoa. Hapa ndipo watu huumia. Fomu inauliza pesa zilipwe kwako au zihamishiwe IRA, yaani akaunti ya kustaafu unayofungua mwenyewe. Ukichagua zilipwe kwako, mpango wa 401(k) unalazimika kukata 20% na kuipeleka IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, na huwezi kukataa. Ukiomba $20,000, unapokea $16,000.

Hiyo 20% si kodi yenyewe, ni malipo ya awali. Kodi halisi hupigwa ukijaza ritani (taarifa ya kodi ya mwaka), na kama hujafika 59½, faini ya 10%, yaani $2,000, iko pembeni. Anayedhani ameshamaliza hushtukia deni mwezi wa Aprili.

Ukighairi, una siku 60 tangu upokee pesa kuzirudisha kwenye akaunti ya kustaafu. Lakini ili usitozwe chochote lazima urudishe $20,000 kamili, na zile $4,000 zilizoko IRS uzitoe mfukoni. Ukirudisha $16,000 tu, $4,000 inahesabiwa mapato, na kama hujafika umri, faini ni $400.

Kwa hiyo chagua rolova ya moja kwa moja kwenda IRA, yaani pesa zihamishwe bila kupitia mkononi mwako. Hundi ikija nyumbani usiogope, mradi imeandikwa jina la kampuni inayopokea kwa niaba yako. Ikiwa na jina lako peke yake, usiiweke benki. Piga simu kwanza.

Isipokuwa mtu mmoja: aliyeachana na mwajiri katika mwaka aliotimiza 55 au baadaye. Huyo hana faini akitoa kwenye 401(k) ya mwajiri huyo. Akizipeleka IRA kabla ya 59½, msamaha huo unapotea. Abaki alipo, avumilie 20%.

4. Toa kwenye IRA. Hapa asilimia ya makato unaichagua kwenye Fomu W-4R. Usipojaza hukatwa 10%. Unaweza kuandika asilimia yoyote, hata sifuri. Kiasi kikubwa kigawe, nusu Desemba na nusu Januari, kiangukie miaka miwili ya kodi.

5. Weka benki. FDIC, bima ya serikali ya amana za benki, inalinda hadi $250,000 kwa kila mwenye akaunti, kwa kila benki, kwa kila aina ya umiliki. Mfuko wa soko la fedha haumo.

Kama umesharudi nyumbani na huna uraia wala kadi ya kijani, makato ya kawaida ni 30%. Kenya na Tanzania hazina mkataba wa kodi ya mapato na Marekani wa kuyapunguza.