Kuchagua Kozi Ukiwa Mtu Mzima: Anza na Namna Unavyojifunza

Mtu mzima wa hapa Mbeya anayetaka kurudi kusoma huuliza kwanza ada, kisha cheti, na ni nadra kujiuliza mambo humwingia kichwani kwa njia gani. Swali hilo lingefaa kutangulia, kwa kuwa ada ya kozi iliyoachwa katikati hairudi.

Chukua daftari, uandike mambo matatu uliyojifunza ukubwani ukayamudu, mathalani kukata kitambaa, kuendesha pikipiki au kukamua ng'ombe. Kwa kila moja eleza nani alikufundisha, na kama ulianza kwa kutazama, kusikiliza, kusoma au kushika. Nilipofanya hivyo nilibaini kwamba hesabu za biashara, zilizonishinda nilipozisoma usiku kwenye vitini, nilizielewa nilipoketi na mwenye duka la vitenge Mwanjelwa, tukifunga mauzo kila jioni na kuisaka shilingi mia tano iliyopotea.

Hata hivyo, usijibandike jina la "mtu wa kuona" au "mtu wa kusikia". Mgawanyo huo unapendwa sana, lakini uhakiki wa wanasaikolojia wa Marekani uliochapishwa mwaka 2008 haukupata ushahidi wa kutosha kwamba mtu hufaulu zaidi akifundishwa kwa mtindo anaoupenda. Somo nalo lina masharti yake: hakuna anayejua kuchomelea kwa kusikiliza tu. Daftari lako linaonyesha mazingira ambamo huwa unafika mwisho, nami nadhani hilo lina uzito kuliko mtindo.

Ukiona ulimaliza pale ulipokuwa na fundi kando yako, tafuta chuo cha ufundi stadi cha VETA au chuo cha maendeleo ya wananchi. Na kama ufundi unao tayari ila cheti huna, ulizia VETA utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana kazini. Anayeweza kujisukuma na vitabu bila kusimamiwa atafaa Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa mwaka 1992 kwa ajili ya masomo ya masafa, yaani kusoma ukiwa mbali na chuo. Anayehitaji mwalimu na wenzake ili asilegee, hasa aliyeikosa sekondari, aanzie Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima.

Kabla ya kulipa, linganisha ratiba na msimu wako, maana mkulima wa viazi wa Uyole hawezi kuhudhuria kila siku mvua zinapoanza. Kisha omba kukaa darasani siku moja, na wanafunzi wanapotoka, waulize ni saa ngapi kwa wiki wanashika vifaa na ni saa ngapi wananakili ubaoni.