Somo: Hereni za waya kwa anayeanza

Wengi wakianza kazi ya waya hukimbilia pete na vidani vya mizunguko mingi. Mimi nasema anza na kitanzi cha kufunga, yaani kile ambacho mkia wa waya huzungushwa chini yake. Hereni, mkufu, bangili ya shanga, vyote vimeshikwa na vitanzi, na kitanzi kibovu hufunguka pambo likiwa mwilini.

Tafuta koleo la mdomo wa duara, koleo la mdomo bapa lisilo na meno, koleo la kukatia na tupa ndogo. Waya uwe shaba laini ya milimita 0.8, yaani geji 20 (geji ikipanda, unene unapungua). Fedha isubiri mkono uzoee.

1. Kata vipande viwili vya sentimita 8. Funika kwa kidole ncha inayokatwa, maana hurukia macho.

2. Kunja ncha moja iwe kijiduara, kisha vika ushanga ukae juu yake.

3. Hapa usiharakishe. Bana waya juu tu ya ushanga kwa ncha za koleo bapa; nafasi hiyo ndiyo shingo. Kunja waya kwa kidole hadi digrii 90. Sasa shika koleo la duara, bana kwenye kona, vuta waya upite juu ya taya la juu ushuke upande wa pili. Ukikwama, legeza koleo, ingiza taya la chini ndani ya kitanzi, umalizie duara. Kisha bana kitanzi kwa koleo bapa na uzungushe mkia (waya uliobaki) shingoni mara mbili au tatu, kila mzunguko ukigusana na mwenzake. Kata, bonyeza ncha ilale. Pitisha kidole, ikikwaruza, bado.

Ili hereni zifanane, tia alama ya wino kwenye taya la duara na ukunje hapohapo kila mara.

4. Kulabu: sentimita 5 za waya, kitanzi cha kawaida (kisichozungushwa mkia) upande mmoja, sehemu iliyobaki ikunjwe kwenye kalamu. Ncha ya kuingia sikioni ipige tupa hadi iwe laini kabisa. Ili kuning'iniza ushanga, kitanzi cha kulabu kifungue kwa kusogeza ncha moja mbele na nyingine nyuma, vika kitanzi cha ushanga, kisha kifunge vivyo hivyo. Usikitanue, kitapoteza duara.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, waya wangu unakatika nikiurudisha nyuma kurekebisha.*
Shaba hukakamaa kila inapokunjwa, ndugu yangu. Ukikosea zaidi ya mara moja, chukua kipande kipya.

*Naweza kutumia waya wa umeme?*
Ndiyo, ule wa uzi mmoja, ukiuchuna plastiki. Ila 1.5 inayoandikwa kwenye waya huo ni milimita za mraba, si unene. Unene wake ni karibu milimita 1.4, mgumu kwa anayeanza.

*Mwalimu, shaba imeniachia rangi ya kijani shingoni. Ni hatari?*
Hapana dada, ni shaba imekutana na jasho, huoshwa ikatoka. Cha kuangalia zaidi ni nikeli, ndiyo inayowasha masikio ya wengi. Mwenye ngozi nyepesi kuwashwa mtengenezee kulabu za titani au fedha ya 925 (yenye asilimia 92.5 ya fedha), na ushanga ubaki kwenye shaba yako.