Kutunza bastola na risasi nyumbani, hasa sisi wa Tabora na mvua zetu

Kuna vijana wananiuliza kama mtu anaweza kujaza tena maganda ya risasi nyumbani kama wanavyofanya Marekani. Huku kwetu usithubutu ndugu yangu, kutengeneza risasi bila leseni ni kosa kwenye Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, halafu baruti ikizidi kidogo tu bastola inapasukia mkononi. Ila we mwenye kibali chako halali unaweza kabisa kuzifanya risasi ulizonunua zidumu, na hapo ndo wengi tunakosea.

Kabla hujagusa kitambaa cha kusafishia, toa risasi zote kwenye silaha. Mtutu uelekee sehemu salama, kidole mbali na triga, chomoa magazini (kile kibweta cha risasi kwenye mpini) KWANZA ndo uvute slaidi, kile chuma cha juu kinachorudi nyuma. Ukianza na slaidi magazini ikiwa bado ndani, unaitoa risasi moja na slaidi ikirudi inapakia nyingine, we unajua iko tupu kumbe iko tayari. Angalia chemba, pale nyuma ya mtutu risasi inapokaa tayari kupigwa, kwa macho, ingiza na kidole kidogo uhakikishe. Risasi zote zipeleke chumba kingine, watoto watoke, ndo ukae mezani dirisha likiwa wazi.

Fungua bastola kwa kufuata kitabu chake, ishia pale kilipokuruhusu, spring za ndani waachie mafundi wenye leseni. Pitisha kitambaa chenye dawa ya kusafishia bunduki ndani ya mtutu ukianzia upande wa chemba kwenda mdomoni, subiri dakika chache, piga brashi ya shaba mara kadhaa, kisha vitambaa vikavu mpaka kimoja kitoke safi. Petroli hapana, mvuke wake unashika moto haraka. Mafuta ya bunduki paka kidogo sana, maana vumbi letu la kiangazi likikutana na mafuta mengi linakuwa uji mzito na slaidi inaanza kukwama. Ukimaliza nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula, ule weusi una madini ya risasi (lead), ni sumu.

Sasa risasi zenyewe. Mafuta ni ya silaha, risasi hazipakwi kitu!! Mtu anaona ganda limefifia anachukua spreya ya kulegeza nati anapuliza, yale mafuta yanapenya taratibu mpaka kwenye fataki pale kitakoni, kile kidude kinachowasha baruti, na siku unayoihitaji inagoma. Futa kwa kitambaa kikavu basi. Ziache kwenye boksi lake la dukani, boksi liingie kwenye kasha la chuma lenye kufuli, tupia na vile vipakiti vya punje za kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Kuanzia Novemba mpaka Aprili kuta zetu zinanyonya maji, kwa hiyo kasha lisikae sakafuni wala lisigusane na ukuta, iwe Urambo, Sikonge au hapa mjini. Chini ya bati kwenye joto kali napo hapafai, na kwenye gari lililoshinda juani vilevile. Bastola nayo usiihifadhi ndani ya mkoba wa ngozi miezi na miezi, ngozi inashika unyevu na kutu inaanzia humohumo.

Kingine ambacho wengi hawakijui, ile risasi ya juu inayopakiwa na kutolewa kila siku, kila ikigonga mlango wa chemba kichwa chake kinaweza kuzama kidogokidogo ndani ya ganda. Ipange na wenzake ulinganishe urefu, ukiona ni fupi usiipige kabisa, maana nafasi ya ndani imepungua na presha itapanda. Zenye kijani cha kutu, ganda lililobonyea au lenye ufa nazo tenga, usitupe jalalani wala kuchoma moto, uliza kituo cha polisi namna ya kuzikabidhi.

Ukiwa renji (uwanja wa kulengea shabaha) ukavuta triga na kukawa kimya, shikilia mtutu kwenye shabaha angalau sekunde 30 kabla ya kufungua, baruti inaweza kuchelewa kushika. Na ikilia kwa sauti ndogo isiyo ya kawaida, simama hapohapo usipige ya pili, toa risasi zote uchungulie mtutu kutokea upande wa chemba, inawezekana kichwa kimekwama katikati na risasi itakayofuata ikikikuta humo mtutu unapasuka.