Jinsi ya kujipanga na Ebola ukiwa Dar

Ebola ikisikika tu Kongo au Uganda, watu wa Dar wanaanza kuogopa mwendokasi. Jamani, haipiti hewani kama mafua. Inapita kwenye damu, matapishi, kinyesi na majimaji mengine ya mgonjwa, na ambaye hajaanza dalili haambukizi. Wanaodakwa sana ni wale wanaouguza, wanaofua mashuka na wanaoosha maiti, kwa hiyo maandalizi yaanzie nyumbani.

Kubalianeni mapema kwamba mgeni akitoka kwenye mlipuko akashikwa na homa ndani ya siku 21, hakuna kukimbilia duka la dawa kununua mseto, maana mwanzo inafanana kabisa na malaria, kichwa, viungo, kutapika, na wengine hawatoki damu hata tone. Mpe chumba na ndoo yake, mtu mmoja tu ndo amhudumie bila kumgusa, afu piga 199, namba ya Wizara ya Afya, ni bure, useme katokea wapi kabla hamjamtoa hapo. Bodaboda hapana!

Jik iwepo. Soma lebo, kama klorini ni 3.5% changanya kikombe kimoja na maji vikombe sita, hiyo ni ya sakafu na matapishi, mwagia uache dakika 15 ndo udeki. Kila siku changanya mpya na usiweke pamoja na dawa nyingine ya choo, inatoa gesi mbaya. Mikono sabuni na maji yanatosha.

Kwenye msiba ndo kugumu. Maiti ya Ebola inakuwa na virusi vingi mno, na Afrika Magharibi 2014 mazishi yaliangusha familia nzima nzima. Ongeeni na shehe, mchungaji na mjumbe sasa hivi wakati hamna aliyefiwa, mtu akishafiwa haelewi kitu. Timu ya afya ndo izike, ndugu wasimame mbali waombe, na kwa Waislamu tayamamu (kutumia udongo safi badala ya maji) inawezekana badala ya kuosha.

Chanjo ya Ervebo ni ya aina ya kirusi cha Ebola kinachoitwa Zaire, ile ya Sudan iliyopiga Uganda 2022 haiihusu, so anayekuuzia “kinga ya Ebola” mtaani mpotezee. Marburg nayo, ugonjwa ndugu wa Ebola, iliyoua watu Kagera 2023, unajikinga hivihivi.

La mwisho, daftari. Mgonjwa akitokea andika nani kamgusa, lini, na namba yake ya simu, maana timu wakifika hilo ndo swali lao la kwanza.