Jinsi ya kutambua usugu wa insulini kabla sukari haijapanda

Usugu wa insulini ni hali ambayo seli za misuli, ini na mafuta haziitikii ipasavyo homoni inayoiwezesha sukari kutoka kwenye damu na kuingia ndani ya seli. Kongosho hulazimika kutoa insulini nyingi zaidi ili sukari isipande, na linaweza kuhimili kazi hiyo kwa miaka. Ndiyo maana kipimo cha sukari pekee hakitoshi: majibu huja mazuri ilhali kongosho linazidi kuelemewa.

Anza na kiuno. Chukua futi ya kamba, ile ya fundi cherehani, simama wima, toa pumzi kama kawaida, kisha pima katikati ya ubavu wa mwisho na ukingo wa juu wa mfupa wa nyonga. Usipime pale unapofungia mkanda, maana wanaume wengi hufunga suruali chini ya kitambi na kujipunguzia sentimita zisizopungua mwilini. Sentimita 94 au zaidi kwa mwanamume, na 80 au zaidi kwa mwanamke asiye mjamzito, huashiria mafuta yaliyozunguka ini na utumbo, ambayo yana madhara kuliko yale ya mapajani.

Tazama pia nyuma ya shingo na makwapani. Ngozi iliyoingia weusi, ikawa nene na laini kama mahameli, si uchafu. Kuisugua kwa dodoki ni kuiumiza bure. Kwa mwanamke, hedhi inayoruka miezi pamoja na ndevu kidevuni ni sababu ya kumwona daktari.

Ukienda kupima, funga kula kwa saa 8 na unywe maji tu. Chai ya rangi yenye sukari huharibu kipimo. Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani, sukari ya 6.1 hadi 6.9 mmol/L kabla ya kula tayari si ya kawaida, na kuanzia 7.0 ni kisukari, ingawa kwa asiye na dalili kipimo hurudiwa. Kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu ni kizuri, lakini mwambie daktari iwapo una selimundu au upungufu wa damu, kwani majibu yanaweza kupotosha. Omba upimwe shinikizo la damu na mafuta ya damu siku hiyo hiyo, kwa kuwa usugu huu huandamana na ini lenye mafuta, hata kwa asiyegusa pombe, na huongeza hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi.

Hali hii hurekebishika. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002 ulilenga kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki, kama vile kutembea kwa haraka. Hatari ya kupata kisukari ilipungua kwa asilimia 58, ilhali dawa ya metformini iliipunguza kwa 31. Kwa mtu wa kilo 80, asilimia hizo 7 ni kilo tano na nusu hivi. Punguza kwanza soda na sukari ya chai, kisha ukubwa wa tonge la ugali, huku ukiongeza maharage na mboga za majani. Na kama tayari unatumia dawa za kushusha sukari, usibadili mlo ghafla wala kufunga kabla ya kuzungumza na daktari, kwani sukari inaweza kushuka kupita kiasi.