Weka mabua chini ya paa, oteshea uyoga mvua zikianza

Mtama na uwele ukishavunwa, mabua hubaki yamesimama mashambani mkoani Dodoma, Chamwino hadi Bahi. Mengine huliwa na ng'ombe, mengine huchomwa. Nakuomba usiyachome. Yafunge mafungu, yaweke pakavu chini ya paa, kwani ni chakula kizuri cha uyoga mamama (oyster). Maganda ya alizeti na majani ya mpunga yanafaa pia. Kama mifugo yako inategemea mabua, iachie. Wewe tumia magunzi ya mahindi, uyaponde.

Kwa nini usubiri mvua? Kuanzia Juni hadi Oktoba hewa ya Dodoma ni kavu mno. Vichwa vya uyoga hukauka vikiwa bado vidogo kama kichwa cha njiti ya kiberiti. Vinahitaji unyevu hewani wa asilimia 80 hadi 90, na kwa anayenunua maji kwa ndoo, kuupata kiangazi ni gharama. Kati ya Desemba na Machi mvua inakusaidia.

Mabaki yawe hayajaota ukungu wala kupigwa dawa. Katakata vipande vya sentimita 3 hadi 5, loweka usiku kucha, kisha chemsha kwenye pipa saa moja hadi mbili. Tandaza juu ya turubai safi yachuje na kupoa kabisa. Sasa chukua konzi moja, uiminye kwa nguvu. Yakitoka matone mawili matatu kati ya vidole, yako tayari. Maji yakitiririka, subiri, la sivyo mbegu itaoza. Kiganja kikibaki kikavu, ongeza maji yaliyochemshwa yakapoa. Wengi huharibu hapa kwa haraka tu.

Mbegu ya uyoga mara nyingi huoteshwa kwenye punje za mtama. Nunua iliyotanda nyeupe kote, isiyo na doa la kijani wala jeusi. Nawa mikono kwa sabuni, funga mlango vumbi lisiingie. Kwa kilo 10 za mabaki yaliyolowa tumia gramu 300 hadi 500, ukipanga tabaka kwa tabaka kwenye mfuko wa plastiki. Funga, toboa matundu madogo, weka gizani wiki 2 hadi 4 mpaka mfuko uwe mweupe wote. Ukiona ukungu wa kijani, toa mfuko huo nje siku hiyohiyo bila kuufungua.

Chumba cha tembe, nyumba ya udongo yenye paa bapa la udongo, nakipenda kuliko cha bati, maana hakichemki mchana. Mwaga mchanga sakafuni, tundika magunia mlangoni na dirishani, yaloweshe asubuhi, mchana na jioni. Mfuko ukishakuwa mweupe, ruhusu mwanga kidogo na hewa: uyoga wenye shina refu na kofia ndogo umekosa hewa.

Vuna kabla kingo za kofia hazijapinda juu. Shika shina, zungusha, ng'oa kichala chote. Ukichelewa, uyoga humwaga vumbi jepesi linalokohoza, kwa hiyo ziba pua unapoingia. Mfuko huvunwa mara 2 hadi 4, na kilo 10 za mabaki makavu zikitunzwa vizuri hutoa kilo 5 hadi 10 za uyoga mbichi.

Usiouzika uchane, uanike juu ya wavu safi. Kilo 10 mbichi hubaki kama kilo 1, itunze kwenye chombo chenye kifuniko kinachobana. Mfuko ukichoka, ondoa plastiki, changanya mabaki na samadi, urudishe shambani kwenye mtama.